Wazo baya linakuja lenyewe: usiliamini mbio

Ni mara ngapi kwa siku kichwa chenu kinasema nanyi bila kuulizwa? Unapita mbele ya jirani, hakusalimii. Hata mbele ya kufika kwenye kona, wazo limekwisha kuja: "Amenichukia." Mutoto analeta buletini yenye alama mbili mbaya. Wazo linakuja: "Huyu hatafika popote." Unatuma ujumbe kwa telefone, rafiki hajibu. Wazo linakuja: "Amenichoka." Hakuna mutu aliyeita mawazo yale. Yanaingia bila kupiga hodi, na yanasema kwa sauti ya mutu mwenye kujua yote.

Leo tunataka kuzungumuza juu ya mawazo hayo yenye kuja yenyewe. Hatutawaambia: "Muwaze mambo mazuri tu, na yote itakuwa sawa." Watu wa miji yetu wanajua kama maisha si hivyo. Tunataka kuonyesha jambo lingine: wazo ni kitu chenye kuweza kupimwa. Kuko njia ya kulipima, na hata mutu asiyejua kusoma anaweza kujifunza njia ile.

MUNGANGA ALIYESIKILIZA VIZURI

Aaron Beck alizaliwa Marekani katika mwaka 1921, na alikufa katika mwaka 2021 akiwa na miaka 100. Alikuwa munganga wa magonjwa ya akili katika muji wa Philadelphia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akisikiliza wagonjwa wenye huzuni nzito, wale ambao hawalali vizuri, hawana hamu ya kula, hawana nguvu ya kuanza kazi. Siku zile waganga wengi wenzake walifikiri kama huzuni ya namna ile inatoka katika mambo ya zamani yenye kufichama ndani ya mutu. Beck naye alifundishwa hivyo.

Lakini aliona kitu kingine. Pale mugonjwa alikuwa akizungumuza naye, chini ya mazungumuzo yale kulikuwa maneno mengine, mafupi, yenye kupita mbio, kama haya: "Ninamuchokesha munganga." "Mimi ni bure." Wagonjwa hawakuyasema, kwa sababu hawakuyaona kuwa mawazo. Kwao yalikuwa kweli tu. Beck akayapa jina la mawazo yenye kujiendesha, na akaanza kuwafundisha wagonjwa kuyashika, kuyatazama, na kuyauliza maswali. Katika mwaka 1979 yeye na wenzake walitoa kitabu juu ya njia hiyo, na leo inatumiwa katika inchi nyingi.

Alichoona ni hiki: kati ya jambo lenye kutokea na maumivu ya moyo, kuko kitu katikati. Kitu hicho ni wazo.

MULOLONGO

Tuchukue mufano wa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Katika 1990 mugodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulianguka, na miaka iliyofuata kazi ilishuka sana. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliacha kazi katika mupango ule watu waliouita depar volontere. Kwa familia nyingi kazi haikuwa mushahara peke yake. Ilikuwa pia posho, nyumba, lopitali, masomo ya watoto, na heshima ya baba.

Tuseme baba mumoja kati ya wale. Jambo lililotokea ni moja: kazi imekwisha. Lakini asubuhi, pale anaketi kwenye kiti mbele ya nyumba, kichwa kinaongeza: "Mi siko tena mutu. Muke yangu ananizarau. Batoto banaona kama niko bure." Wazo linaleta haya. Haya inaingia mwilini: mabega yanashuka, usingizi unakimbia. Kiisha inaingia katika matendo: hatoki, haendi tena kwenye matanga ya ndugu, anajibu watoto kwa ukali. Watoto wanaanza kupita mbali naye. Na yeye anaona: "Unaona! Banakimbia mi."

Hapo wazo limejizalia ushuhuda wake lenyewe. Watoto hawakumuzarau baba. Walikimbia ukali. Lakini mutu mwenye kuwa ndani ya mulolongo ule haoni hivyo, na miaka inaweza kupita nyumba nzima ikila matunda ya sentensi moja ambayo hakuna mutu aliyeisema kwa kinywa.

MITEGO SITA

Mawazo yenye kujiendesha yanapenda kupita njia zilezile. Ukijua njia zao, utayakamata mbio. Angalia kama unajitambua:

1. Yote ao hakuna. "Kama siko wa kwanza, niko wa bure."

2. Kutabiri mabaya. "Niende kuomba kazi juu ya nini? Batanikatalia tu."

3. Kusoma moyo wa mutu. "Hakunisalimia. Anawaza kama mi njo mubaya."

4. Siku zote na hata siku moja. "Siku zote mambo yangu inaharibika. Hata siku moja sitapata."

5. Kubeba kosa lote. Mutoto anapata malaria, na mama anawaza: "Ni juu yangu. Mi siko mama muzuri."

6. Kujipachika jina. Mutu amekosea hesabu moja, lakini hasemi "nimekosea". Anasema: "Niko mujinga."

Kuanguka katika mitego hii si alama ya mutu mubaya, wala ya akili kidogo. Wote tunaangukamo. Na watu wenye kuteseka sana wanaangukamo zaidi, kwa sababu kichwa kilichozoea hatari kinatafuta hatari hata pale haiko.

KUSUKULA MAWE

Wachimbaji wanajua jambo hili. Mufuko wenye kutoka shimoni una mawe na udongo pamoja. Ukiuuza hivyo, utapata bei mbaya. Ukiutupa wote, umetupa na mawe. Inaomba usukule, uangalie, utenge.

Wazo baya nalo ni hivyo. Ndani yake kuko jiwe, maana yake jambo lililotokea kweli, lile ambalo mutu mwingine akisimama pale angeliona pia. Na kuko udongo: vile kichwa kimeongeza juu yake. Kusukula wazo, tumia maswali matano. Asiyejua kuandika ayashike kwa vidole vya mukono mumoja.

Kidole gumba: Ni nini ilitokea kweli?
Kidole cha pili: Kichwa changu kimeongeza nini?
Kidole cha tatu: Nini inaonyesha kama wazo hili ni kweli, na nini inaonyesha kama haiko kweli yote?
Kidole cha ine: Kama rafiki yangu angekuwa na wazo hili, ningemwambia nini?
Kidole cha tano: Ni tendo gani kidogo naweza kufanya leo kusudi nijue?

Angalia namna kijana mumoja anaweza kufanya. Tuseme ameanguka egzame ya Leta. Anakamata kaye na anaandika:

Ilitokea: Nimeanguka egzame.

Kichwa kimeongeza: Nimepotea. Papa ametupa franga yake. Batoto ba kartie batanicheka siku zote. (Uzito wa huzuni: 9 juu ya 10.)

Inaonyesha ni kweli: Nimeanguka kweli. Franga ya masomo imeenda kweli.

Inaonyesha haiko kweli yote: Mwaka wa tano nilipita. Mujomba alianguka mara ya kwanza, akapita mara ya pili, na leo anafundisha. Papa hajasema kama ametupa franga. Amesema tu: "Tutaona."

Kwa rafiki ningesema: Pole. Inauma. Lakini egzame moja haiko maisha yote.

Tendo la leo: Nitamuuliza papa mwenyewe.

Na magaribi, kiisha kula, anamukaribia:

"Papa, niko na neno."

"Sema, mwana."

"Papa, minawaza kama franga yako yote niliitupa mu mayi."

Baba ananyamaza kidogo. "Franga iliisha, njo kweli. Na ilinisumbua, sitakuficha. Lakini ile yenye iliingia mu kichwa yako, nani ataiondoa? Utarudilia. Paka tuangalie namna ya kupata minerval."

Kiisha kijana anarudi kwenye kaye na anapima tena. Huzuni haiko 9. Ni 5. Haikufika 0, na haikuomba ifike 0, kwa sababu kuanguka egzame kunauma kwa kila mutu. Lakini mutu mwenye 5 anaweza kuamuka asubuhi na kutafuta vitabu. Mwenye 9 anageuka upande wa ukuta na kulala tena.

KAMA WAZO NI KWELI?

Wengine watasema: "Ninyi munasema mawazo, lakini sisi franga ya bukari ya kesho haiko. Ile nayo ni wazo?" Hapana. Ile ni jiwe. Usibishane nalo, na mutu asikuambie kama ni kichwa chako tu.

Lakini hata pale angalia namna kichwa kinafanya kazi. Kuko kuwaza kwenye kutafuta njia, na kuko kuwaza kwenye kuzunguka paleple, kama mashini ya kusaga yenye kuzunguka bila mahindi: makelele mengi, unga hakuna. Katika Zimbabwe, ngambo ya Zambia, watu wenye kusema Kishona wana jina la kuwaza kule. Wanakuita kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kipimo. Katika mwaka 2006 munganga Dixon Chibanda alianza kazi na wamama wazee 14 katika muji wa Harare. Waliketi kwenye benchi inje ya vituo vya afya. Mutu mwenye kufungisisa anakuja, anaketi karibu na nyanya yule, anataja matatizo yake yote. Kiisha wanachagua moja tu, na wanatafuta pamoja hatua moja ya kufanya. Katika 2016 wachunguzi walitangaza matokeo: kiisha miezi sita, watu waliopita kwenye benchi walikuwa na huzuni na wasiwasi kidogo sana kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida.

Basi, kama wazo ni kweli, ligeuze kuwa swali. Si "Tutakufa njaa", lakini: "Nifanye nini mbele ya kesho saa sita?" Pengine ni kuomba zamu yako ya likelemba mbele. Pengine ni kumwambia ndugu waziwazi. Tatizo moja, hatua moja. Nyingine itangojea.

WAZO LENYE KUTAFUTA MUKOSEFU

Hapa tunafika kwenye jambo zito. Pale taabu zinafuatana nyumbani, kazi inakwisha, mutoto mudogo anakufa, biashara inaanguka, kichwa hakipendi kubaki bila jibu. Kinauliza: "Nani analeta hii mikosi?" Na wazo linajibu mbio, likimuonyesha yule asiye na mutetezi: yatima aliyekuja kukaa kwa shangazi, mutoto mwenye kukojoa kitandani, mutoto mwenye kusema peke yake usiku.

Wengi kati ya watoto wenye kulala inje katika miji ya inchi yetu walifukuzwa nyumbani juu ya wazo la namna ile. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumushitaki mutoto kama ni mulozi, na inaazibu mwenye kufanya hivyo. Lakini sheria inafika nyuma. Wazo linafika mbele. Mbele ya kufungua kinywa, inua vidole vyako vitano. Ni nini ilitokea kweli? Mugodi ulifungwa. Malaria iliingia. Na nini kichwa kimeongeza? Jina la mutoto. Yule mutoto hakufunga mugodi.

WAMAMA WA KIVU

Je, njia hii inaweza kusaidia watu walioumia zaidi? Katika mashariki ya inchi yetu, huko Kivu, ilijaribiwa na wanawake waliotendewa jeuri ya kubakwa. Wengi walibaki na mawazo kama haya: "Ni kosa langu. Sina samani tena." Wasaidizi wa pale pale, wenye kusema luga za vijiji vyao, walifundishwa, kisha walikusanya wamama katika vikundi na kuwafundisha kushika mawazo yale na kuyapima. Kwa sababu wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kwa kichwa. Matokeo yalitangazwa katika mwaka 2013. Kiisha miezi sita, kati ya wale waliopita katika vikundi, 9 juu ya 100 tu walikuwa wangali na alama za huzuni nzito ao wasiwasi mukubwa. Kati ya wale waliopata musaada wa mutu mumoja-mumoja bila mafundisho hayo, walikuwa 42 juu ya 100.

Kile kilichowapata wamama wale kilikuwa kweli, na kilibaki kweli. Kilichopimwa ni lile neno lililoongezwa juu yake: kama kosa ni lao.

NYUMBANI, TUSEME NINI?

Mara nyingi tunamwambia mwenye mawazo: "Acha kuwaza!" Jaribu wewe mwenyewe: kwa dakika moja, usiwaze hata kidogo mbuzi mweupe. Umemuona? Wazo lenye kusukumwa kwa nguvu linarudi. Na lutuku nayo haiondoi wazo. Inalilaza usiku mumoja, na asubuhi linaamka na ndugu zake, pamoja na deni.

Ni vizuri zaidi kuuliza: "Kichwa yako inakuambia nini?" Kiisha sikiliza. Usikate neno, usilete mara moja mufano wa mutu mwenye kuteseka zaidi. Kiisha uliza pole: "Ile, uliiona na macho, ao uliiwaza?" Bibi anaweza kumuuliza bwana wake hivyo, na mukubwa anaweza kumuuliza mudogo wake. Lakini usiulize ili kumushinda. Mutu mwenye kushindwa kwa maneno anafunga mulango.

Wazazi, muangalie pia maneno yenu. Mutoto akisikia kila siku "weye njo mujinga", kesho hautahitaji kulisema tena. Kichwa chake kitalisema chenyewe.

WAKATI WA KUTAFUTA MUSAADA

Kuko huzuni yenye kupita nguvu za vidole vitano. Kama majuma mawili yanapita na mutu halali, hali, haoni tena furaha katika kitu chochote, apelekwe kwenye kituo cha afya. Katika Lubumbashi kuko kituo Joseph Guislain chenye kutunza magonjwa ya akili. Kwenda kule si haya, sawa vile kwenda kutunza mufupa wenye kuvunjika si haya.

Na kama mutu anasema "bora nife", usicheke, usimukaripie. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumutii wazo lile kichwani, lakini kunamufungulia mulango wa kusema. Usimuache peke yake. Ondoa karibu naye kamba, sumu ya panya, na dawa nyingi. Ita mutu mukubwa mwenye kuaminika, na mumupeleke kwa munganga siku ileile.

JARIBU SIKU SABA

Kwa juma moja, kila magaribi, andika ao taja wazo moja tu lililokuumiza muchana. Lipitishe kwenye vidole vitano. Usichague kwanza lile kubwa la maisha yako yote. Anza na dogo: jirani asiyesalimia, ujumbe usiojibiwa. Kesho yake fanya tendo la kidole cha tano. Msalimie jirani wewe wa kwanza, na uangalie ni nini itatokea. Pengine utakuta alikuwa akiwaza juu ya mutoto wake mwenye homa, na hakukuona hata kidogo. Pengine utakuta kweli ana neno nawe. Basi, sasa unajua neno lenyewe, na munaweza kulizungumuza.

Vijana, mufanye zoezi hili wawili-wawili. Wazazi, mulifanye mbele ya watoto, kwa sauti: "Papa aliwaza hivi. Sasa anaangalia kama ni kweli." Watoto watajifunza mapema kama kichwa cha mutu mukubwa nacho kinadanganyaka, na kama kinaweza kuulizwa.